Padri Mersenne, Mtawa Aliyejua Kusikiliza

1. Mtoto wa mkulima

Mwezi wa Septemba mwaka 1588, katika kijiji cha Oizé nchini Ufaransa, alizaliwa mtoto mwanamume. Akabatizwa siku ya tarehe 8, sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bikira Maria, akapewa jina la Marin. Jina la ukoo wake lilikuwa Mersenne. Wazazi wake walikuwa watu wa shamba, wasio na mali nyingi. Walakini waliona kwamba mtoto huyu anapenda kujifunza, wakampeleka masomoni.

Kwanza alisoma katika mji wa Le Mans. Kisha, mwaka 1604, akaingia katika chuo cha Wayesuiti huko La Flèche. Hapo alijifunza Kilatini, falsafa na hesabu. Mwaka 1609 alikwenda Paris kusoma elimu ya Mungu. Mwaka 1611 akajiunga na watawa wanaoitwa Waminimi.

Neno Minimi ni la Kilatini, maana yake ni wadogo kuliko wote. Shirika hili lilianzishwa na Mtakatifu Fransisko wa Paola. Alitaka wanafunzi wake wajione kuwa wa mwisho kati ya watu. Walifunga maisha yao yote: hawakula nyama, wala mayai, wala hawakunywa maziwa. Kisha Mersenne alipata upadri. Kwa miaka michache alifundisha falsafa katika mji wa Nevers. Mwaka 1619 alirudi Paris, akakaa katika nyumba ya Waminimi karibu na uwanja ulioitwa Place Royale. Hapo aliishi mpaka kufa kwake.

2. Aliyekuwa mkali wa maneno

Mersenne hakuzaliwa na ustadi wa kusikiliza. Alipokuwa kijana alikuwa mwepesi wa kukasirika. Mwaka 1623 alitoa kitabu kinene sana juu ya Kitabu cha Mwanzo. Ndani yake aliwashambulia watu wengi aliodhani wanapotosha dini au elimu, akatumia maneno makali. Wale aliowashambulia nao wakajibu kwa maneno makali. Hivyo kelele zikazidi, na hakuna aliyefundishwa na mwenzake.

Polepole njia yake ikageuka. Mwaka 1625 alitoa kitabu kingine juu ya ukweli wa elimu. Katika kitabu hicho watu watatu wanazungumza: mmoja ni mwenye falsafa Mkristo, wa pili ni mtu anayetia shaka katika mambo yote, wa tatu anafanya kazi ya kugeuza madini. Kila mmoja anapewa nafasi ya kusema. Mkristo hamfukuzi mwenye shaka. Anamjibu, na sehemu kubwa ya majibu yake ni hesabu. Maana katika hesabu mtu hashindi kwa sauti kubwa wala kwa umri. Hushinda kwa kuonyesha njia yake hatua kwa hatua, na mwenzake akizifuata hatua hizo anafika mahali pale pale.

Vivyo hivyo alifanya kwa Galileo, mtaalamu mkubwa wa Italia. Kwanza hakukubaliana naye juu ya mwendo wa dunia. Lakini aliendelea kusoma maandishi yake kwa uangalifu. Mwaka 1634 yeye mwenyewe alitoa kwa Kifaransa kitabu cha Galileo juu ya mashine, ili watu wa Ufaransa wapate kumsikia. Na alipomsikiliza hakukubali yote tu kwa kuwa Galileo ni maarufu. Alirudia kupima muda ambao vitu hutumia kuanguka chini, akaona kwamba vinaanguka upesi zaidi ya namba alizoandika Galileo. Akasema hivyo wazi, bila matusi. Kusikiliza siyo kuitikia ndiyo kwa kila neno. Kusikiliza ni kulichukua neno la mwenzako, kulipima vizuri, na kumrudishia jibu la haki.

3. Chumba kidogo chenye barua nyingi

Siku zile hapakuwa na magazeti ya elimu. Mtu aliyevumbua jambo la hesabu huko kusini mwa Ufaransa aliweza kufa bila mwenzake wa Paris kujua. Na wataalamu wengi walikuwa wenye wivu. Mmoja akipata kanuni mpya aliificha, kama mwanafunzi anayefunika daftari lake kwa mkono.

Mersenne aliona kwamba jambo hili linaleta hasara kwa wote. Basi akaanza kuandika barua. Aliandika kwa watu wa Ufaransa, Uholanzi, Italia, Uingereza na mahali pengine. Mtu mmoja akimletea swali, aliwapelekea wengine watatu au wanne. Majibu yakirudi, aliyanakili na kuyapeleka tena. Tangu mwaka 1635 aliwakusanya pia wataalamu wa Paris, wakaonana na kuzungumza juu ya hesabu. Walikuja watu wa namna nyingi: padri Gassendi, mwalimu Roberval, bwana Étienne Pascal aliyekuwa mtumishi wa serikali, na Desargues aliyejua kazi ya kujenga na kuchonga mawe.

Mersenne mwenyewe hakuwa hodari wa kwanza kati yao, na alijua hivyo. Kazi yake kubwa ilikuwa kuuliza maswali mazuri. Mfano mmoja ni huu. Tazama gurudumu la baiskeli. Ukitia alama ya chokaa kwenye ukingo wa gurudumu, kisha baiskeli ikaenda mbele, ile alama haiendi katika mstari mnyoofu. Inapanda, inapita juu, inashuka tena mpaka chini, na njia yake inafanana na tao. Je, uwanja ulio chini ya tao hilo una ukubwa gani? Mersenne alijaribu kupata jibu, akashindwa. Hakuona haya. Alimpa Roberval swali hilo.

Roberval alifikiri kwa miaka, akapata jibu: uwanja ule ni sawasawa na mara tatu ya uwanja wa gurudumu lenyewe. Jibu lilikuwa zuri sana. Lakini Roberval aliificha njia yake. Alikuwa na sababu: kazi yake ya ualimu ilishindaniwa upya kila baada ya miaka mitatu, naye alitaka kuwa na maswali ambayo wengine hawawezi kuyajibu. Alishika kazi yake kweli. Lakini mwaka 1644 Torricelli wa Italia alipiga chapa maelezo juu ya tao lile lile. Roberval akakasirika, akamshtaki kwamba ameiba. Huo ndio uchungu wa mtu aliyeficha: wakati wa kusema ulipokuwapo alinyamaza, na alipotaka kusikiwa mwingine alikuwa amekwisha kusema.

4. Ugomvi wa Descartes na Fermat

Mwaka 1637 Descartes, aliyekuwa Mfaransa akikaa Uholanzi, alitoa kitabu kilichokuwa na sehemu juu ya nuru na sehemu juu ya hesabu. Mersenne aliomba maoni ya Fermat, hakimu wa mji wa Toulouse, aliyefanya hesabu saa za mapumziko. Fermat alisoma sehemu ya nuru, akajibu kwamba maelezo ya Descartes hayatoshi. Mersenne akampelekea Descartes barua ile.

Descartes alikuwa mtu wa akili kubwa, lakini hakupenda kukosolewa. Alichukizwa. Muda si mrefu akapokea, kwa mkono wa Mersenne, maandishi ya Fermat yenyewe. Humo Fermat alieleza namna ya kuchora mstari mnyoofu unaougusa mstari uliopindika mahali pamoja tu bila kuukata. Alikuwa ameeleza kwa ufupi mno. Descartes akasoma haraka, huku moyo wake umekasirika, akasema njia ile ni ya makosa.

Hapo Paris ikagawanyika. Roberval na Étienne Pascal wakamtetea Fermat. Wengine wakawa upande wa Descartes. Wengine tena walimlaumu Mersenne, kwamba anachochea ugomvi kwa kupeleka maneno ya huyu kwa yule. Lawama hiyo haikukosa sababu kabisa. Mtu anayepeleka maneno ya wengine lazima aangalie anachopeleka na wakati wa kukipeleka.

Lakini Mersenne hakuikata njia ya barua. Aliendelea kupokea na kupeleka, miezi ikapita. Fermat akaeleza tena njia yake, safari hii kwa urefu na kwa mifano. Descartes akasoma tena, na sasa akaelewa. Mwaka 1638 alimwandikia Fermat na kukiri kwamba njia ile, ikiwa imeelezwa hivyo, ni nzuri. Kosa lilikuwa pande zote mbili: mmoja alieleza kwa ufupi mno, na mwingine alihukumu kabla ya kuelewa.

Na mambo ya nuru je? Fermat hakuacha kufikiri juu yake. Descartes alikufa mwaka 1650. Baadaye Fermat alianza hesabu mpya, akidhani kwamba nuru hufuata njia ya muda mfupi kuliko zote. Alipomaliza alistaajabu. Kanuni aliyoipata ilikuwa ile ile ya Descartes aliyoitilia shaka miaka 25 kabla. Kanuni ilikuwa kweli, ijapokuwa maelezo yake ya kwanza hayakumridhisha. Kwa hiyo inafaa kutofautisha: jibu la mwenzako laweza kuwa sahihi hata kama hajui bado kulieleza vizuri.

5. Vijana wawili

Étienne Pascal alikuwa na mwana aitwaye Blaise, aliyezaliwa mwaka 1623. Mtoto alipokuwa na miaka kama 14, baba alianza kumleta katika mikutano ya Mersenne. Fikiri jambo hilo: mtoto ameketi kati ya wazee wenye sifa Ulaya nzima. Wazee hawa hawakumfukuza. Mtoto akasikiliza.

Kati ya wote Desargues ndiye aliyekuwa mgumu kueleweka. Alitumia maneno yake mwenyewe, na wengi walichoka kumfuata. Lakini Blaise alimfuata. Mwaka 1639, akiwa na miaka 16, alileta mbele ya mkutano kanuni aliyoipata mwenyewe, na mwaka 1640 ikapigwa chapa katika karatasi moja tu.

Unaweza kuijaribu. Chora duara. Weka nukta sita juu ya mstari wa duara, ziunganishe moja baada ya nyingine mpaka umbo lenye pande sita lijifunge. Sasa chukua upande wa kwanza na wa nne, uiendeleze mistari yake mpaka ikutane. Fanya hivyo kwa upande wa pili na wa tano, kisha wa tatu na wa sita. Kama mistari haiendi sambamba, utapata mahali patatu pa kukutania. Weka rula: pote patatu pako juu ya mstari mmoja mnyoofu! Na siyo katika duara tu. Hata duara iliyobanwa kama yai inatii kanuni hiyo.

Descartes alipopata habari hakutaka kustaajabu. Alidhani kijana amejifunza kwa Desargues. Lakini alipoendelea kusoma aliona kwamba Blaise mwenyewe ameandika hivyo katika karatasi yake. Hakuficha kwamba amepata msaada, alimtaja Desargues wazi. Jambo hili halikumpunguzia sifa hata kidogo. Mpaka leo kanuni ile inaitwa kwa jina la Pascal, na watu wanajua pia deni lake kwa Desargues.

Kijana wa pili alikuwa Mholanzi, Christiaan Huygens. Mwaka 1646, akiwa na miaka 17, alionyesha kwamba mnyororo unaoning'inia kwa ncha mbili haufuati umbo lile ambalo watu walilidhani kwa kumfuata Galileo. Kijana anamsahihisha mkuu! Mersenne hakumcheka. Alimwandikia barua, akamsifu kwa baba yake, akampa swali jingine gumu juu ya vitu vinavyobembea. Huygens alishindwa kulijibu wakati ule. Lakini swali lilibaki ndani yake kama mbegu ardhini. Mwaka 1656 alitengeneza saa ya kwanza iendeshwayo na timazi inayobembea. Na katika kitabu chake cha mwaka 1673 alitoa jibu la swali lile, akakumbuka kwamba Mersenne ndiye aliyempa alipokuwa bado karibu mtoto.

6. Kosa la Mersenne

Mwaka 1644 Mersenne alitoa kitabu kingine, na humo aliandika juu ya namba tasa. Namba tasa ni namba kubwa kuliko 1 isiyogawanyika sawasawa ila kwa 1 na kwa yenyewe, kama 3, 5, 7 na 11.

Chukua 2, uizidishe kwa 2 mara kadha, kisha ondoa 1. Ukizidisha 2 mbili unapata 4. Ondoa 1, inabaki 3, namba tasa. 2 tatu zinafanya 8. Ondoa 1, inabaki 7, namba tasa. 2 tano zinafanya 32; inabaki 31, namba tasa. 2 saba zinafanya 128. Inabaki 127, namba tasa. Mwanafunzi mwepesi atainua mkono na kusema kanuni imepatikana. Lakini ngoja. 2 kumi na moja zinafanya 2 048. Ondoa 1, inabaki 2 047, na hiyo ni 23 mara 89. Siyo namba tasa!

Mersenne aliandika orodha ya namba za namna hii zilizo tasa, mpaka kufika 2 mia mbili hamsini na saba. Namba hizo ni kubwa mno, na hakuna mtu wa siku zile aliyeweza kuzihakikisha zote. Orodha yake ilikuwa na makosa matano. Alitia mbili zisizo tasa, ile ya 67 na ile ya 257. Akasahau tatu zilizo tasa, ile ya 61, ile ya 89 na ile ya 107.

Je, watu walimcheka? La. Waliichukua orodha yake kama swali, wakaifanyia kazi. Mwaka 1876 Lucas wa Ufaransa alionyesha kwamba ile ya 67 siyo tasa, lakini hakuweza kusema inagawanyika kwa namba gani. Mwaka 1903, katika mkutano wa wataalamu wa hesabu wa Marekani, Frank Nelson Cole alitoa jibu. Husimuliwa kwamba alikwenda ubaoni bila kusema neno. Upande mmoja akahesabu 2 sitini na saba, akaondoa 1. Upande wa pili akazidisha 193 707 721 kwa 761 838 257 287. Majibu yalikuwa mamoja: 147 573 952 589 676 412 927. Akarudi kuketi, na watu wakampigia makofi. Orodha nzima ilimalizika kusahihishwa mwaka 1947, miaka 303 baada ya Mersenne kuiandika.

Namba hizo bado zinaitwa namba za Mersenne. Mwaka 2024 ilipatikana moja yenye tarakimu zaidi ya milioni 41, namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana mpaka mwaka huo. Kosa lililosemwa mbele ya wenzake, wakalisikiliza na kulipima, lilizaa elimu kwa karne tatu. Kama angaliogopa kukosea angalinyamaza, na hakuna ambaye angalipata faida.

7. Mwisho wake

Mwaka 1648 Mersenne aliugua kifuani. Waganga walimpasua ubavuni, lakini hawakuliona jipu lililokuwa ndani. Alivumilia maumivu kwa uchaji. Kabla ya kufa aliomba kwamba mwili wake upasuliwe, ili waganga wajue walikosea wapi na wawasaidie wagonjwa wengine. Hata mwili wake aliutoa uwe swali la kuwafundisha wenzake. Alikufa tarehe 1 Septemba 1648, mikononi mwa rafiki yake padri Gassendi, siku saba kabla ya kutimiza miaka 60.

Katika chumba chake hakuachia mali. Ziliachwa barua. Watu walipozihesabu waliona kwamba ni za watu 78. Kati yao walikuwamo Wakatoliki na wasio Wakatoliki, wazee na vijana, wapole na wagomvi. Wote walimwandikia mtawa huyu maskini kwa sababu walijua kwamba neno lao halitatupwa.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Roberval alikuwa hodari, Descartes alikuwa hodari, Fermat alikuwa hodari, lakini kila mmoja alihitaji mtu wa kumsikiliza na wa kumsahihisha. Mwenyezi Mungu hakumpa mtu mmoja akili yote. Alizigawanya, ili tuhitajiane.

Maulizo

1. Kwa nini Descartes hakuielewa njia ya Fermat mara ya kwanza? Ni nani aliyekosa?
2. Roberval alificha jibu lake, Blaise Pascal alimtaja aliyemsaidia. Ni yupi aliyepata faida, na kwa nini?
3. Mwenzako anaandika ubaoni jibu ambalo si sahihi. Utafanya nini kabla ya kusema amekosa?
4. Hesabu 2 tisa, ondoa 1. Je, namba iliyobaki ni tasa? Mweleze jirani yako njia yako, kisha naye akueleze yake.